Mbegu ya tikiti la asili: funga ua jioni
Ukibahatika kupata mbegu za tikiti maji la asili hapa Dodoma, usiwaachie nyuki kazi yote. Wataleta chavua ya tikiti la shamba jirani. Tunda la msimu huu halitabadilika, ila mbegu zake zitakuwa mchanganyiko, na aina yako imepotea.

Jioni tafuta ua jike litakalochanua kesho (lina kitikiti kidogo nyuma yake) na ua dume la aina hiyohiyo. Yafunge kwa uzi laini. Asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, yafungue, sugua dume katikati ya jike, kisha lifunge jike tena na uweke alama kwenye kikonyo. Fanya kwa maua kadhaa, maana mengine hudondoka. Tunda la mbegu liache liive kabisa shambani. Mbegu zioshe, uzikaushe kivulini.