Kabla ya Kukabidhi Madawati: Namna Kampuni ya Kati Inavyoweza Kupanga Uwajibikaji Wake kwa Jamii

Katika ofisi nyingi za Tanzania uwajibikaji wa kampuni kwa jamii hujulikana kwa herufi tatu, CSR, na katika hotuba huitwa "kurudisha kwa jamii." Msemo huo wa pili unastahili kutazamwa vizuri, kwa kuwa kinachorudishwa lazima kiwe kilichukuliwa, na ni nadra kumsikia msemaji wa kampuni akieleza kilichukuliwa nini, kwa nani na kwa kiasi gani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya afisa wa kampuni ya kati, tuseme yenye wafanyakazi kati ya 50 na 300, ambaye ameagizwa na mkurugenzi wake aandae mpango wa mwaka wa uwajibikaji kwa jamii na hajui aanzie wapi. Msimamo wa mwongozo ni kwamba swali la kwanza si kampuni itoe nini, bali inapataje fedha zake. Msaada hufuata baadaye, na wakati mwingine hauhitajiki kabisa.

Anzia ndani ya geti

Kazi ya wiki mbili za kwanza ifanyike bila kutoka nje ya kampuni. Chukua daftari, ufuate njia yote inayopitiwa na fedha ya kampuni tangu malighafi inaponunuliwa hadi bidhaa inapomfikia mnunuzi, na katika kila hatua uulize ni nani anayebaki na maumivu au gharama ambayo haimo katika vitabu vya hesabu. Je, vibarua wanaopakia mizigo wana mikataba ya maandishi, au huhesabiwa kila asubuhi getini? Je, michango ya NSSF, ambayo kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, huwasilishwa kila mwezi, au sehemu ya mfanyakazi hukatwa kisha ikabaki katika akaunti ya kampuni? Maji ya kuoshea mitambo huelekea wapi wakati wa masika? Malori hupita mbele ya shule saa ngapi?

Jambo linalosahaulika zaidi katika ukaguzi huu ni malipo ya wazabuni wadogo. Mama lishe anayewapikia wafanyakazi chakula cha mchana, fundi aliyetengeneza makabati ya ofisi na mkulima anayeleta mazao yake kwa ahadi ya kulipwa baadaye, wote huikopesha kampuni bila riba kila wanapocheleweshewa haki yao, na kampuni inayowalipa baada ya siku 120 badala ya 30 inaendesha biashara kwa mtaji wa watu wenye kipato cha chini kuliko chake. Kwa maoni yangu, kampuni yenye orodha ndefu ya madeni ya namna hiyo haina sababu ya kununua hata dawati moja la msaada mpaka orodha iishe, kwani dawati hilo litakuwa limenunuliwa kwa fedha za mama lishe.

Matokeo ya ukaguzi yaandikwe katika ukurasa mmoja, yakipangwa kwa uzito, na yafikishwe kwenye bodi kabla ya pendekezo lolote la mradi wa nje. Bodi haitakubali yote. Hata hivyo, muhtasari wa kikao uonyeshe ni yapi yaliyokataliwa na kwa sababu gani, ili mwaka unaofuata asiwepo wa kusema kwamba hakuelezwa.

Shimo la kampuni yako ni lipi?

Mfano ambao huwa nawapa watu wanaoanza kazi hii unatoka Pwani ya Kenya. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kilianza uzalishaji katika miaka ya 1950 kwa kuchimba mawe ya chokaa yatokanayo na matumbawe ya kale, na kufikia mwaka 1971 kilikuwa kimeacha machimbo mapana yenye sakafu ya jiwe tupu, maji ya chumvi na joto kali. Mwaka huo René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda, alianza kujaribu kama kuna chochote kinachoweza kuota humo. Kati ya aina 26 za miti zilizopandwa, ni 3 tu zilizohimili, na uliotegemewa zaidi ulikuwa mvinje, kwa sababu huvumilia chumvi na mizizi yake, ikisaidiwa na bakteria, hujipatia naitrojeni kutoka hewani. Tatizo likabaki kwamba majani ya mvinje, yaliyo membamba kama sindano, yalianguka na kurundikana bila kuoza. Ndipo yalipoletwa majongoo, yakayatafuna majani hayo, na kinyesi chake kikajenga udongo ambao miti mingine iliweza kuotea. Sehemu hiyo ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1984 na leo inaitwa Haller Park. Wengi waliisikia kwa mara ya kwanza kwa sababu ya Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, na kobe aliyeandamana naye, aitwaye Mzee.

Sielezi habari hii kwa ajili ya kiboko. Ninaieleza kwa sababu kampuni ilitumia ujuzi wa mwajiriwa wake na ardhi yake yenyewe kutibu jeraha ambalo yenyewe ndiyo iliyolifanya, na ilivumilia miaka 13 kabla ya kuwakaribisha watu waje kutazama. Afisa anayeandaa mpango ajiulize shimo la kampuni yake ni lipi. Kwa kampuni ya vinywaji huenda ni chupa za plastiki zilizoziba mitaro. Kwa kampuni ya mikopo midogo, wateja wanaoweka vidole gumba kwenye mikataba ambayo hawakusomewa. Kwa kampuni ya mabasi, ratiba inayomlazimisha dereva kukimbia. Mradi unaotokana na swali hili huwa na faida moja ambayo msaada wa kawaida hauna: kampuni inalijua tatizo kuliko mtu mwingine yeyote, hivyo fedha kidogo hufanya kazi kubwa.

Sheria inadai nini, na fedha kiasi gani

Kwa Tanzania Bara, sekta mojawapo ambayo wajibu huu umeandikwa waziwazi ni madini. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii unaokubaliwa kwa pamoja na mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo la mgodi, ukizingatia vipaumbele vya halmashauri hiyo katika mazingira, jamii, uchumi na utamaduni. India ilikwenda mbali zaidi: Sheria yake ya Kampuni ya mwaka 2013 inazitaka kampuni zinazovuka viwango fulani vya ukubwa, katika sekta zote, kutumia walau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu iliyotangulia. Kiwanda cha kusindika alizeti mkoani Singida hakibanwi na kifungu cha namna hiyo, na kwa hiyo kiasi cha fedha ni uamuzi wa bodi yake.

Benki za NMB na CRDB zimekuwa zikitangaza kwamba hutenga asilimia 1 ya faida baada ya kodi, na kampuni nyingine zinaweza kuanzia hapo. Lakini kampuni yenye faida ya shilingi milioni 600 itapata shilingi milioni 6 tu kwa kipimo hicho. Fedha hizo hazijengi zahanati, na kujifanya kwamba zinajenga ndiko kunakozaa majengo yanayoishia kwenye msingi. Ni afadhali bajeti ya miaka mitatu ielekezwe kwenye jambo moja kuliko kuigawa katika misaada 15 isiyokumbukwa na mtu.

Mhasibu ashirikishwe mapema, kwa kuwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu misaada kwa taasisi za umma na za hisani kupunguzwa katika hesabu ya kodi, ila kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 ya mapato ya biashara kabla ya punguzo hilo. Kampuni yenye mapato ya namna hiyo ya shilingi milioni 800 inaishia kwenye shilingi milioni 16. Shirika la hisani linalopokea msaada liwe limetambuliwa na Kamishna wa TRA, na barua ya utambuzi iwekwe kwenye faili kabla ya fedha kutoka. Fulana na mabango yenye nembo ya kampuni yaandikwe katika kifungu cha matangazo, maana ndivyo yalivyo.

Kuchagua mradi pamoja na wenye mradi

Watu wa kijijini huwa wamekwisha kuamua wanachokihitaji kabla gari la kampuni halijafika. Kumbukumbu za mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hukutana kila baada ya miezi mitatu, zimo ofisini kwa mtendaji, na ndani yake utakuta vipaumbele vilivyojadiliwa na pengine kuchangiwa. Omba kuzisoma. Kisha tembea uone maboma, yaani majengo ambayo wananchi wameyapandisha kwa nguvu zao hadi usawa wa linta au wa paa yakabaki yakinyeshewa. Kumalizia boma moja mara nyingi ni bora kuliko kuanzisha jengo jipya, kwa sababu boma lenyewe ni ushahidi kwamba wenyeji walilitaka kiasi cha kubeba mawe na mchanga. Zungumza pia na wasiokuja mkutanoni. Wanawake wanaochota maji alfajiri watakueleza habari za kisima ambazo mwenyekiti hazijui.

Hapa niseme jambo nililolishuhudia. Kampuni moja ilikamilisha zahanati nzuri, yenye vigae na rangi za nembo yake, ikaikabidhi mwezi wa Agosti kwa ngoma na hotuba, na zahanati hiyo ikafungwa kufuli kwa zaidi ya mwaka. Hakuna aliyeiba chochote. Bajeti ya halmashauri huanza Julai na maandalizi yake hufanyika miezi mingi kabla. Katika bajeti hiyo jengo halikuwemo, kwa hiyo halikuwa na ikama ya watumishi wala fungu la dawa, na mganga hawezi kupelekwa mahali ambapo kwenye karatasi hapapo. Kama afisa wa kampuni angemwona mganga mkuu wa halmashauri kabla ya mwisho wa mwaka uliotangulia, mambo yangekuwa tofauti. Kanuni ninayoifuata tangu hapo ni kutoidhinisha jengo lolote la huduma mpaka niione barua ya halmashauri inayotaja watumishi, fungu la uendeshaji na mwaka wa fedha ambao vitaanza. Kwa mradi wa maji, barua hiyo itoke RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na itaje jumuiya ya watumia maji itakayoendesha mradi na kukusanya fedha za matengenezo.

Barua za maombi zitaendelea kumiminika: mashindano ya mpira, mbio za mwenge, harambee ya msikiti na kanisa, mahafali. Weka vigezo vya maandishi vilivyopitishwa na bodi, ili anayekataa iwe ni hati na si wewe. Viwili visikosekane. Kampuni isitoe msaada kwa ofisi ambayo wakati huohuo inashughulikia kibali, ukaguzi au zabuni yake, maana mbele ya TAKUKURU tofauti kati ya msaada huo na rushwa itakuwa ngumu kuieleza. Na katika mwaka wa uchaguzi makabidhiano yasifanywe kwa mkono wa mgombea, hata akiwa ni yeye aliyeleta maombi.

Makubaliano, fedha na kamera

Hati ya makubaliano isainiwe na pande tatu, yaani kampuni, halmashauri na serikali ya kijiji au kamati ya shule, na ieleze nani analeta nini, lini, na nani atatengeneza kitakapoharibika. Kwa miradi midogo napendelea kupeleka vifaa kuliko fedha: mabati, saruji na nondo vihesabiwe vinapopokelewa, mbele ya wajumbe wa kamati, na hati ya mapokezi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji. Pale inapolazimu kutoa fedha, zilipwe katika akaunti rasmi kwa namba ya malipo ya serikali, kamwe zisipitie kwa mtu binafsi hata awe na cheo gani.

Sherehe ya makabidhiano iwe fupi. Nimeona bajeti ambazo turubai, chakula cha mgeni rasmi na hundi kubwa ya mfano vilikaribia thamani ya msaada wenyewe, jambo ambalo wanakijiji hulihesabu vizuri sana hata kama hawalisemi. Picha za wanafunzi na wagonjwa zipigwe kwa ridhaa ya maandishi, ya mzazi au mlezi kwa mtoto, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaihusu kampuni yako kama inavyoihusu benki.

Kabla ya kazi kuanza, andika hali ilivyo kwa tarakimu chache unazoweza kuzihakiki mwenyewe: wanafunzi wangapi wanakaa sakafuni, ndoo moja ya maji inachukua dakika ngapi, tundu moja la choo linatumiwa na watoto wangapi. Karatasi hiyo iwe na safu tatu tupu pembeni, kwa ajili ya ziara ya miezi mitatu, ya mwaka mmoja na ya miaka miwili baada ya makabidhiano. Ziara ya mwisho ifanywe siku ya kawaida ya kazi, bila mgeni rasmi, na anayekwenda awe mtu ambaye hakuhusika kuchagua mradi. Ajaze safu ya tatu akiwa palepale, na nakala aiache ofisini kwa mtendaji.