"Fundi, niwekee na gemu basi": namna ya kumchagulia mtu fumbo la simu kwa umri wake

Kazi yangu ni kubadilisha vioo na sistimu za chaji hapa Ngamiani, Tanga. Ila mteja akishalipa hela ya kioo haondoki. Anaigeuzageuza simu, anaizima na kuiwasha, halafu anasema, "Fundi, niwekee na gemu basi." Gemu gani? "Lolote zuri." Au, "La mtoto, akililia simu nimpe." Mzee mmoja mstaafu wa reli alinijibu, "La kunichelewesha kulala, mwanangu. Nikilala saa mbili naamka saa nane za usiku, sina wa kuongea naye."

Zamani nilikuwa naweka lile lililoshika namba moja kwenye duka la programu wiki hiyo, napokea buku langu, biashara imeisha. Baada ya siku mbili wanarudi: simu inarusha matangazo, bando limekwisha, mtoto analia zaidi ya mwanzo. Siku hizi nina maswali matatu. Unacheza saa ngapi? Unakuwa wapi? Na ukishindwa unajisikiaje? Majibu ya hapo ndiyo yanayomtenganisha mtoto wa miaka mitano na bibi yake. Ugumu wa fumbo unakuja nyuma kabisa.

Licheze wewe kwanza

Kabla hujampa mtu gemu, licheze dakika tano ukiwa umezima data. Likikataa kufunguka bila intaneti, lifute hapo hapo, labda kama nyumbani kwa mhusika kuna Wi-Fi. Kisha shindwa makusudi, uone linakufanyia nini: linakurudisha mwanzo kimya kimya, linakupigia mlio wa kukuzomea, au linakuomba hela? Toka katikati ya mchezo kana kwamba umepigiwa simu, halafu rudi. Liwe limekusubiri pale pale ulipoacha. Mwisho nyoosha mkono, simu ikae mbali na uso, ujaribu kusoma maandishi yake. Wengi waliopita miaka arobaini na tano hushika simu hivyo hivyo.

Halafu usichague kwa kutazama tangazo. Mwaka 2020 mamlaka ya matangazo ya Uingereza ilipiga marufuku matangazo mawili ya magemu ya Homescapes na Gardenscapes, kwa kuwa mchezo wa kuchomoa pini ulioonyeshwa haukufanana na kilichomo ndani. Ndani kwa sehemu kubwa ni kupanga vitu vitatu vinavyofanana. Nina wateja waliokuja wakiulizia "lile la pini", wameshapakua matano hawajalipata.

Kitu kingine cha kutazama ni bei ya msaada. Sisi tuliokua na vitendawili tunaujua utaratibu: umetegwa, umeshindwa, unaambiwa "nipe mji", unatoa Pangani au Lushoto, anayetega anaulamba mji wako halafu anakupa jibu. Gemu nalo linadai mji. Ukikwama linakupa dokezo, mradi utazame tangazo la nusu dakika linalokula bando. Mji mmoja mmoja hauna neno. Likidai mji kila baada ya raundi mbili, huyo si mtegaji wa vitendawili, ni dalali.

Mtoto asiyejua kusoma

Mtoto wa miaka minne au mitano hachezi ili ashinde. Anataka kuona kidole chake kimefanya kitu: kipande kimeingia mahali pake, kimelia tik, picha ya tembo imepata sikio. Akimaliza anaibomoa na kuanza upya, mara saba, na ya saba anacheka kama ya kwanza. Mtu mzima akitazama anaona uvivu wa kubadilisha. Kwa mtoto raha iko kwenye kurudia, anajua kitakachotokea na kinatokea kweli.

Kwa hiyo mwekee picha za kuunganisha. Ni mchezo wa zamani sana. John Spilsbury wa London alikuwa akikata ramani zilizobandikwa kwenye mbao tangu miaka ya 1760, watoto wajifunze nchi kwa kuzipanga. Anza na vipande vinne, kisha sita, kisha tisa. Vikiwa vidogo kuliko ncha ya kidole chake vitamkera. Lisiwe na saa inayohesabu, wala sura ya kusikitika akikosea.

Sasa ulinzi, na hapa nina kidonda changu. Mpwa wangu alikuwa na miaka mitano nilipompa simu yangu yenye gemu la vipande, data ikiwa wazi. Tangazo likatokea, lina kitufe kikubwa cha kijani, akabonyeza kwa sababu kijani ni kizuri. Kumbe ameniunga kwenye huduma ya ujumbe wa kila siku. Wiki nzima nilikuwa naweka vocha inayeyuka, nikidhani ni mtandao. Mimi, fundi! Wewe fanya hivi: washa hali ya ndege kabla ya kumpa mtoto. Weka nenosiri kwenye kila ununuzi wa duka la programu. Kisha tafuta kwenye mipangilio ya usalama kipengele cha kubandika programu. Ukikiwasha, mtoto habanduki kwenye gemu kwenda kwenye WhatsApp kumtumia bosi wako sauti ya kuku.

Wanafunzi

Hawa hawahitaji fundi, wanajua kuliko mimi. Wanakuja kwangu tu simu ikijaa. Lakini mzazi akiniuliza amwekee nini kijana wa kidato cha pili, namtajia 2048. Lilitengenezwa na Gabriele Cirulli, kijana wa Kiitalia, mwaka 2014 akiwa na miaka 19, na ukiliona utasema hata wewe ungelitengeneza: vyumba 16, namba zinateleza upande unaoutaka, mbili na mbili zinakuwa nne, nne na nne zinakuwa nane.

Linawashika vijana kwa sababu lina siri ambayo mmoja huigundua na kuwaringia wenzake. Siri yenyewe: chagua kona moja, namba kubwa kuliko zote ikae humo, isitoke. Ukichagua kona ya chini kushoto, telezesha chini na kushoto tu, kulia ukibanwa, na juu usiende kabisa ila pale ambapo hakuna njia nyingine. Mtoto aliyekuwa akiishia 256 atafika 1024 jioni ile ile. Kisha atamfundisha rafiki, au atamficha. Umri huu fumbo lisilo na mtu wa kumshinda ni nusu fumbo, kwa hiyo tafuta lenye alama za kulinganisha. Watatumiana picha za skrini wenyewe.

Wanaojua Kiingereza wapeleke kwenye Wordle iliyotungwa na Josh Wardle, unabahatisha neno la herufi tano kwa majaribio sita, fumbo moja kwa siku kwa watu wote duniani. Hilo la moja kwa siku ndilo utamu wake: darasa zima linahangaika na neno lile lile, na likiisha limeisha, daftari linafunguliwa. Nilijaribu kuwachezesha watoto wa jirani kwa Kiswahili, kwenye karatasi. Ni rahisi mno mwishoni, maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo herufi ya tano unaibahatisha kati ya tano tu. Nikawapa maneno ya herufi sita wakanyamaza.

Kijiweni na jikoni

Watu wazima wana muda wa vipande vipande. Bodaboda kijiweni anasubiri abiria, hajui ana dakika mbili au arobaini. Gemu lake lazima likubali kukatwa kisu katikati. Block Blast linafaa: ubao wa vyumba nane kwa nane, unapewa maumbo matatu, unayapachika, mstari ukijaa unafutika, wala hakuna saa inayokukimbiza. Ni mjukuu wa Tetris, ambayo Alexey Pajitnov aliitunga Moscow mwaka 1984, isipokuwa maumbo hayaanguki. Kwa mtu wa kijiweni tofauti hiyo ni kubwa. Kwenye Tetris abiria akija umekufa, kwenye hili simu inaingia mfukoni na ubao unasubiri.

Kijana mmoja wa kijiwe cha jirani nilimwekea lile la kumimina maji ya rangi kwenye chupa mpaka kila chupa ibaki na rangi moja. Akarudi amenuna. "Fundi, hili gemu lako bovu, linakataa." Nikamwambia cheza nione. Akamimina kijani juu ya kahawia, mara mbili, kwa uhakika kabisa. Nikamwonyesha chupa mbili, nikamwuliza zinafanana? Akaniambia ndiyo, zile zile. Wenzake wakaangua kicheko, yeye hakucheka. Kumbe miaka yote hatofautishi kijani na kahawia, na wanaume wa namna hiyo si wachache. Niliingia kwenye mipangilio ya gemu nikawasha alama, kila rangi ikapata umbo lake, nyota, mwezi, pembetatu. Akazimaliza raundi kumi na nne amesimama pale pale mezani. Ukimchagulia mwanamume gemu la rangi, tazama kama lina alama hizo.

Mama ntilie anayenipa chai kwa mkopo anacheza Candy Crush, lile la kupanga peremende zinazofanana, saa tisa alasiri, masufuria yakishaoshwa. Nilimwuliza anapenda nini humo. "Vinajipanga," alisema. Siku nzima anapanga sahani, wateja wanavuruga. Mle ndani akipanga, vinapasuka kwa furaha na vingine vinashuka. Gemu hilo linakupa roho tano. Ukishindwa inakwenda moja, na kila moja inachukua dakika 30 kurudi, maana yake zikiisha zote unangoja saa mbili na nusu zijae. Kwake hiyo ni breki nzuri, roho zikiisha anaenda kuchambua mchele wa kesho. Kwa mtu mwingine ni mtego, hawezi kungoja, anatoa hela. Kabla ya kumwekea mtu gemu la roho, kumbuka jinsi anavyongoja chakula mgahawani. Utapata jibu.

Wazee

Hapa ndipo wengi tunapokosea, tunawawekea ya watoto. Herufi kubwa, wanyama wanacheka, muziki wa kengele. Mzee anaitazama skrini, anakutazama wewe, anasema "ahsante mwanangu", na halifungui tena. Watu hawa wengine wanacheza bao lenye mashimo 32 na kete 64, wanahesabu mtaji, yaani njia ya kula kete za mwenzake, kichwani huku wanakutania. Akili haijapungua. Kilichopungua ni macho, wepesi wa kidole, na uvumilivu wa kuchekwa na wajukuu.

Yule mzee wa reli nilimwekea drafti, maana ndiyo anayocheza na wenzake kwa vizibo vya soda. Asubuhi yake alikuwa mezani kwangu kabla sijafungua. "Kingi gani huyu anatembea hatua moja kama mtoto anayejifunza?" Lilikuwa limepangwa kwa kanuni za Kiingereza. Kijiweni kwetu kingi anaruka umbali anaotaka. Nikaingia kwenye mipangilio, nikabadilisha kwenda kanuni za Kirusi ambako kingi naye anaruka. Hazifanani na zetu moja kwa moja, kete ya kawaida inaruhusiwa kula kwa nyuma, na hilo alilipinga kwa dakika kumi. Kisha akalikubali, "wacha tuone Warusi wanaonaje."

Kwa hiyo kwa mzee anza na mchezo anaoujua tayari kwa mikono, karata au drafti, umwachie simu tu ndiyo iwe ngeni. Akishazoea kidole kuvuta na kuachia, mpeleke kwenye Sudoku: vyumba 81, namba moja hadi tisa zisijirudie kwenye mstari, safu wala kisanduku. Wengi wanaiogopa wakidhani ni hesabu. Mwambie hakuna kujumlisha chochote, angeweza hata kupanga matunda tisa. Kabla hujamkabidhi zima saa, zima ile kanuni ya makosa matatu umetolewa kama ipo, ongeza ukubwa wa namba, punguza sauti. Kisha kaa naye fumbo moja zima, umalize naye, bila kumnyang'anya simu kumwonyesha. Kidole chake kikitetemeka na kugusa chumba cha jirani, subiri, atarudi mwenyewe.

Baada ya wiki, fungua sehemu ya mipangilio inayoonyesha kila programu imetumika dakika ngapi. Gemu ambalo halijafunguliwa lifute, nafasi ya simu ni ndogo. Kwa mzee wa reli nilikuta drafti dakika sita, Sudoku saa moja na dakika arobaini, nyingi za usiku. Nikamwuliza kama sasa analala. "Silali," alisema, "ila siamki." Kisha akanipa simu: kioo kimepata ufa, kimemdondoka kitandani.