Somo: Canon 7, renjifainda isiyotafutwa yenye lenzi zinazoona gizani

Ikitajwa renjifainda, yaani kamera unayolenga kwa kuunganisha taswira mbili ndani ya kioo cha kuangalizia, wengi huwaza Leica ya Ujerumani. Canon 7 ilitoka Japani mwaka 1961, wakati wapiga picha walishaanza kuhamia Nikon F ya 1959, inayokuonyesha picha kupitia lenzi yenyewe. Ni nzito, kifua chake kimetawaliwa na dirisha la mita ya kupima mwanga, na juu haina hata mahali pa kupachika flashi. Naipenda hivyohivyo. Inabeba lenzi za f/1.4 na f/1.2, yaani zenye tundu pana linalopitisha mwanga mwingi, na bodi yake kwa kawaida hupatikana kwa bei nafuu kuliko Leica M3. Kwa lenzi hizo nimempiga mama picha akichambua mchele kando ya kandili, bila flashi, na macho yake yakaonekana.

Hatua ya 1: Ukitaka kuinunua, kagua pazia la shata, lile linalofunguka kupitisha mwanga. Ni la chuma chembamba, na mara nyingi utalikuta na mikunjo. Usiogope mikunjo, ogopa matundu. Toa lenzi, fungua mlango wa nyuma, ingia chumba chenye giza, kisha mulika tochi kwa mbele. Ukiona nukta ya mwanga, usiinunue.

Hatua ya 2: Mulika lenzi. Hapa usiwe na haraka. Ile ya 50mm f/1.2 hupata ukungu kwa ndani, na ukishakula kioo hausafishiki. Fungua tundu lote, weka tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Vumbi kidogo si neno.

Hatua ya 3: Pima fokasi. Zungusha lenzi hadi mwisho wa mbali, tazama mnara ulio mbali sana. Taswira mbili za katikati ya kioo zigeuke moja. Kisha weka kitabu mita moja toka kwenye kamera, upime kwa futi ya fundi; taswira zikiungana, lenzi nayo isome mita moja. Kwa f/1.2 umbali huo, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 3 tu. Kwa hiyo lenga jicho, usilenge pua, na ukishalenga usiyumbe.

Hatua ya 4: Chagua fremu, ile mistari ya kwenye kioo inayoonyesha picha itakapoishia. Kuna gurudumu la kubadili kulingana na milimita za lenzi: 35, 50, 85 pamoja na 100, halafu 135.

Hatua ya 5: Piga. Mkanda wa ISO 400 (kipimo cha wepesi wake kwa mwanga), balbu moja sebuleni, f/1.4: anza na 1/30 ya sekunde.

Maswali ya wanachama

*Mita yangu imekufa. Kamera imekwisha?*
Hapana, ndugu. Mita ni ya seleni, inayozalisha umeme ikipigwa na mwanga, haitumii betri, na shata ni ya mitambo mitupu. Tumia programu ya kupimia mwanga kwenye simu.

*Lenzi za Leica zinaingia?*
Za kuzungusha kama parafujo, ziitwazo M39, zinaingia. Za Leica M, kama M3, haziingii.

*Nikiiacha juani itaungua kama Leica?*
Jua likipita kwenye lenzi linaweza kutoboa pazia la kitambaa, kama la Leica. Hili la chuma linastahimili zaidi, lakini weka kifuniko.

*Vipi ile 50mm f/0.95?*
Ilitengenezewa kamera hii, na hushikwa na pete ya nje ya bodi. Ila ni ghali, ina uzito wa gramu 605, na huziba pembe ya kioo cha kuangalizia. Dada, anza na f/1.4. Fedha itakayobaki nunua mikanda.