SOMO: Kuandaa nyamapori, kuanzia kisu hadi sufuria

Nyamapori ikinuka au ikigoma kutafunika, lawama humwangukia mnyama. Mara nyingi kilichoiharibu ni kisu butu, utumbo uliotoboka na joto la saa chache za mwanzo. Kwa hiyo ukishapata kibali na silaha inayomfaa mnyama unayemwinda, nguo za madoadoa zinaweza kusubiri. Nunua kwanza vifaa vya kuhudumia nyama.

Hatua ya 1: Vifaa

Kisu kisichokunjwa, chenye bapa la sentimita 8 hadi 10, na chuma chake kipite ndani ya mpini hadi mwisho. Cha kukunja hujaza damu na mafuta kwenye kiungio, na kukisafisha ni kazi. Ncha isichongoke sana, maana hiyo ndiyo hutoboa utumbo. Mpini uwe wa kukwaruza. Laini huteleza ukilowa.

Ongeza kinoo kidogo, glavu, kamba nyembamba na mifuko ya kitambaa chepesi. Mifuko ya plastiki hufungia joto na unyevu ndani, usiitumie nyama ikiwa bado ya moto.

Kuhusu risasi: ya shaba tupu haivunjikivunjiki kama yenye madini ya risasi, ambayo huacha chembe zenye sumu, usizoziona, mbali na kidonda. Lenga mapafu, nyuma tu ya bega. Nyama yote iliyovilia damu kuzunguka kidonda kata, tupa. Hata mbwa usimpe.

Hatua ya 2: Kupasua

Hapa ndipo wengi huharibu, twende taratibu. Zungushia kisu njia ya haja kubwa, vuta utumbo kidogo, ufunge kwa kamba. Toboa ngozi chini ya kidari, tundu la kuingia vidole viwili tu. Ingiza cha shahada na cha kati, inua ngozi itengane na utumbo, kisha pitisha kisu katikati ya vidole hivyo, makali yakitazama juu. Ukikata kutoka nje unakatakata manyoya, nayo yakishaganda kwenye nyama hayatoki kirahisi.

Kata koromeo juu kabisa, vuta vyote kwa pamoja. Kibofu kibane shingoni kabla hujakikata. Kikimwagika, au utumbo ukipasuka, kata sehemu iliyochafuka kwa kisu safi. Kumwagia ndoo ya maji ni kusambaza uchafu tu.

Hatua ya 3: Kupoza

Bakteria hustawi kati ya nyuzi 4 na 60. Kukiwa na joto, chuna mapema, tanua mbavu kwa kijiti, ning'iniza kivulini penye upepo. Paja karibu na mfupa ndiko huanza kuoza, kwa kuwa ni nene na hupoa mwisho.

Ila usiikimbize kwenye friza papo hapo. Misuli ikipigwa baridi kali kabla haijakakamaa hujikunja, na nyama inabaki ngumu. Ikishakakamaa, iweke kwenye jokofu la nyuzi 0 hadi 4 kwa siku 3 hadi 5.

Hatua ya 4: Kupika swala

Toa mafuta yote na utando mweupe. Sarara ni ya haraka: kikaango cha moto sana, ipua katikati ikifika nyuzi 63, iache dakika 3.

Bega, shingo na muundi ni kinyume. Kilo 2 zipake chumvi gramu 30, zilale usiku mmoja. Kaanga nyama ibadilike rangi, weka vitunguu 3, tangawizi, saumu, nyanya 4, na maji yafike nusu ya nyama. Funika, moto mdogo, saa 3 hadi 4. Baada ya saa 2 bado itakuwa ngumu na utashawishika kuongeza moto. Usiongeze, kano hazijayeyuka bado.

MASWALI YA WANACHAMA

*Siki inaondoa harufu?*
Kidogo sana, mkuu. Viungo hupenya milimita chache tu, na siki ikilala usiku kucha nyama ya juu inakuwa ungaunga. Harufu nyingi imo kwenye mafuta. Nyama ikiwa ya kijani na inateleza, hiyo ni ya kutupa.

*Nikigandisha nguruwe mwitu, minyoo inakufa?*
Usitegemee. Baadhi ya aina za Trichinella (minyoo ya kwenye misuli) za wanyama wa mwituni huvumilia baridi, na kukausha kwa moshi hakutoshi. Pika hadi nyuzi 71 ndani kabisa, sawa na nyama ya kusaga. Ndege ni 74. Nunua kipimajoto, rangi inadanganya.

*Ini la sungura lina vidoa vyeupe, nitoe ini tu?*
Hapana, tupa sungura mzima na usimshike bila glavu. Inaweza kuwa tularemia, ugonjwa wa bakteria unaoambukiza hata watu.

*Nimekuta mnyama amekufa, bado ana joto. Nimchune?*
Mwache hapohapo, usimpasue. Akiwa na kimeta, ukimpasua unamwaga vimelea vinavyodumu udongoni miaka mingi. Toa taarifa kwa daktari wa mifugo.

*Presha kuka inafaa kwa muundi?*
Inafaa, dakika 50 hadi 60. Mvuke uache utoke wenyewe. Ukiufungulia ghafla mchuzi unachemka kwa fujo na nyama inachambuka.