Kubadilisha wota pampu ya Corolla 110 (injini ya 5A)

Kama Corolla 110 yako inapunguza maji kila baada ya siku chache na chini huoni dimbwi, usikimbilie kulaumu gasketi ya hedi (kichwa cha injini). Anza na wota pampu, yaani pampu inayozungusha maji ya kupozea injini. Bloku (mwili wa injini) ya 5A ni ya chuma na hedi yake ni ya aluminiamu. Injini ikichemsha sana hedi inapinda, na kuipeleka kwa fundi wa mashine ikanyooshwe ni gharama kubwa kuliko pampu mpya. Kwa hiyo pampu ikianza kudondosha, ibadilishe. Usiendelee kutembea na dumu la maji kwenye buti.

Hakikisha ni pampu

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, simama upande wa dereva ambako mikanda inapita. Shika puli ya pampu uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha. Kisha mulika tochi chini ya shafti: kuna tundu dogo ambalo kazi yake ni kutoa maji sili ikichoka. Ukiona alama ya chumvi nyeupe, au ya rangi ya kulanti (dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta), iliyotiririka kutoka hapo, jibu umelipata. Watu wengine huziba tundu hilo kwa silikoni. Tafadhali usifanye hivyo, maji yataingia kwenye beringi na pampu itakamata ukiwa njiani.

Vifaa

Spana na soketi namba 10, 12 na 14, bisibisi, plaizi, beseni, o-ringi na gasketi mpya, kulanti, na maji ya betri (yale yasiyo na asidi).

Kufungua

1. Toa waya wa hasi wa betri. Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto: maji yanatoka kwa presha na yanaunguza vibaya.

2. Mwaga kulanti kwenye beseni kupitia kizibo cha chini ya rejeta. Ina ladha tamu na ni sumu, kwa hiyo weka beseni mbali na watoto na mbwa.

3. Legeza bolti nne za puli ya pampu mkanda ukiwa bado umekaza, kwa sababu mkanda ndio unaoishikilia puli isizunguke. Ukishatoa mkanda kwanza utahangaika. Baada ya hapo legeza altaneta, toa mkanda, kisha toa puli.

4. Fungua kava ya juu na ya kati za taimingi belti (mkanda mwingine, ulio ndani ya kava) ili kupata nafasi. Belti yenyewe usiiguse, na ifunike kwa kitambaa safi isilowe kulanti. Ila kama hujui ilibadilishwa lini, au imeshatembea kilomita 100,000, ibadilishe sasa wakati kava ziko wazi.

5. Toa bomba la stiki ya oili lililofungwa kwenye pampu, kisha nati mbili za bomba la maji linaloingia nyuma yake. Malizia na bolti tatu za pampu. Zipange kwenye kadibodi kwa mpangilio uliozitoa. Pampu ikigoma, igonge taratibu kwa ubao. Bisibisi ikiingizwa pembeni inachubua uso wa bloku.

Kusafisha

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Uso wa bloku ukiwa na kutu au mabaki ya gasketi ya zamani, pampu mpya itavuja hata kama ni orijino. Kwangua kwa kipande cha plastiki kigumu, maliza kwa brashi laini, halafu pitisha kidole taratibu kuzunguka tundu lote la pampu kwenye bloku. Kidole kikikwama mahali, rudia. Tazama na pampu ya zamani: mapanga yake yanayosukuma maji yakiwa yameliwa na kutu, gari limekuwa likitumia maji ya bomba matupu, na rejeta nayo inahitaji kusafishwa.

Kufunga

Linganisha pampu mbili: urefu wa shafti, matundu ya bolti, mapanga. Paka o-ringi kulanti kidogo iteleze. Silikoni haihitajiki hapo. Anza bolti zote kwa mkono, kisha kaza kidogo kidogo kwa zamu hadi nyutonimita 14. Hiyo ni nguvu ndogo, spana fupi inatosha. Rudisha vingine kwa kufuata hatua ulizofungulia kinyumenyume. Mkanda ukiubonyeza kwa kidole gumba ubonyee kama sentimita moja.

Kujaza na kutoa hewa

Changanya kulanti na maji nusu kwa nusu. Weka swichi ya hita ya gari upande wa joto, jaza polepole huku ukiminya hozi ya juu, kisha washa injini mfuniko ukiwa wazi. Viputo vitatoka, endelea kuongeza. Thamostati (vali inayofungua njia ya maji injini ikipata joto) ikifunguka, hozi ya juu itapata moto ghafla na maji yatashuka. Ongeza tena, funga mfuniko, subiri feni iwake na kuzima.

Mafundi wengi hutupa thamostati wakisema nchi yetu ni ya joto. Irudishe. Bila hiyo injini inachelewa kufikia joto lake la kazi na inakula mafuta zaidi.

Endesha safari fupi, acha gari lipoe usiku kucha, kisha asubuhi ongeza kilichopungua na mulika tena lile tundu chini ya shafti. Likiwa kavu baada ya wiki ya matumizi ya kawaida, kazi imekubali.