Kiazi, Chai na Chumvi: Jinsi ya Kuelewa Difyusheni na Osmosisi Ukiwa Jikoni

Kila mwaka nikisahihisha madaftari ya vijana wanaokuja kusoma kwangu jioni, hapa Uyole, nakutana na sentensi ileile: "Kiazi kililainika kwa sababu chumvi iliingia ndani yake." Miandiko tofauti, kosa moja. Wala si uvivu. Mtoto ameona chumvi, ameona kiazi kimelegea, akaviunganisha. Yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Ambacho hakukiona ni kwamba kilichosafiri pale ni maji.

Nimefundisha baiolojia miaka kumi na minne na sijawahi kuona mtoto akilielewa somo hili kwa kukariri maana yake. Analielewa kwa mikono, kwa vitu ambavyo sisi wa Mbeya hatuvikosi: viazi, majani ya chai, chumvi na baridi. Basi mzazi mwenzangu, kama una mtoto kidato cha kwanza au cha pili, keti naye jikoni Jumamosi moja. Kazi yenyewe ni ndogo, muda mwingi ni wa kusubiri.

Anzeni na chai

Chukueni glasi mbili za kioo. Moja ijazeni maji ya moto, nyingine maji ya bombani. Mwezi wa saba hapa kwetu maji ya asubuhi yanauma vidole, barafu haihitajiki. Ziacheni mezani dakika tano yatulie, kisha wekeni kifuko kimoja cha chai katika kila glasi, vile vya kuchovya. Msikoroge. Msitikise hata meza.

Kwenye maji ya moto rangi inatoka mara moja, na baada ya muda mfupi glasi nzima imekuwa kahawia. Kwenye maji baridi rangi inajivuta. Nusu saa baadaye bado utaona chini pamekolea na juu pameupe. (Maji ya moto nayo huzunguka yenyewe kidogo yanapopoa juu, kwa hiyo tofauti yote mnayoiona si ya difyusheni peke yake. Mwambie mtoto ukweli huo, atauhitaji mbele ya safari.)

Difyusheni ni huko kusambaa kwenyewe: chembe zinatoka zilikokolea kwenda zilikopungua. Hakuna anayezisukuma, na zenyewe hazina nia ya kwenda popote. Zinahangaika tu, kila moja upande wake, zikigongana. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea wa Uskoti, Robert Brown, aliona kwa hadubini punje ndogo zilizotoka kwenye chavua zikitetemeka ndani ya maji bila kutulia. Mwaka 1905 Albert Einstein akaonyesha kwa hesabu kwamba molekuli za maji ndizo zinazozigonga. Joto likizidi, mahangaiko yanazidi, ndiyo maana chai ya moto inakolea upesi.

Mimi huwaambia wanafunzi wafikirie watoto hamsini wa chekechea waliofungwa vitambaa machoni, wamekusanywa kona moja ya uwanja, kila mmoja akaambiwa atembee ovyoovyo. Baada ya robo saa watakuwa wametapakaa uwanja mzima. Hakuna aliyepanga kuondoka konani. Ni kwamba mwanzoni wa kutoka konani walikuwa wengi na wa kurudi walikuwa wachache. Wakishatapakaa bado wanatembea, ila wanaotoka na wanaorudi wanalingana.

Walimu wengi hufundisha difyusheni kwa harufu ya manukato, au ya vitunguu vinavyokaangwa kwa jirani. Mimi nimeuacha mfano huo. Harufu ile imeletwa zaidi na upepo, na mtoto akibaki nao ataamini kwamba difyusheni inakwenda mbio, wakati kwa umbali mrefu ni polepole kupita kiasi. Weka sukari chini ya kikombe cha maji yaliyotulia kabisa: chembe zake zinahitaji kama robo saa kusogea milimita 1. Sentimita 1 zinahitaji zaidi ya siku nzima. Sentimita 10, zaidi ya miezi mitatu! Umbali ukiongezeka mara kumi, muda unaongezeka mara mia. Ndiyo sababu tuna kijiko.

Na ndiyo sababu mapafu yetu yameumbwa yalivyo. Ukuta unaotenganisha hewa na damu kwenye vifuko vya mapafu ni mwembamba sana, unywele mmoja unauzidi unene mara hamsini na zaidi, kwa hiyo oksijeni inavuka kufumba na kufumbua. Kutoka hapo hadi kidole cha mguu difyusheni isingefika kwa wakati. Kazi hiyo inafanywa na moyo, unaosukuma damu. Nikifika hapo darasani huwa nanyamaza kidogo, kwa sababu hata mimi bado linanigusa.

Sasa kiazi

Osmosisi inaongeza kitu kimoja: utando. Seli hai imezungushiwa utando unaopitisha maji kwa urahisi lakini unazuia chumvi na sukari zisipite ovyo. Vikiwekwa vitu viwili vya ukolezi tofauti pande mbili za utando huo, chumvi haiwezi kwenda kusawazisha. Maji ndiyo yanayokwenda. Yanatoka upande ulioyeyushiwa vitu vichache kwenda upande uliokolea.

Tafuteni kiazi mviringo kibichi, kigumu, kisichochipua. Cha Umalila au cha Isyonje, chochote mlicho nacho. Kimenyeni, mkate vijiti sita kama vya chipsi, kila kimoja sentimita 5 kamili kwa rula. Vipimo viandikwe, kwa sababu macho hudanganya. Vijiti vitatu viwekeni kwenye bakuli la maji matupu, vitatu kwenye kikombe cha maji yaliyokorogwa na vijiko viwili vya chakula vya chumvi. Mkaendelee na shughuli zenu kwa saa tatu au nne.

Mkirudi, msikimbilie rula. Shikeni kwanza. Cha maji matupu kimekakamaa, kina baridi, ukikikunja kinakatika kwa mlio kama karoti changa. Cha maji ya chumvi kinateleza na kulegea, unaweza kukikunja mpaka ncha zikaribiane na hakivunjiki. Ndipo mpime. Kimoja kimerefuka kidogo, labda milimita moja au mbili, kingine kimefupika.

Hapo ndipo mwulize mtoto maswali mawili, na ayashike maisha yake yote ya baiolojia. La kwanza: kuna utando ulio hai? La pili: upande gani umekolea? Maji yatakwenda huko. Maji ya chumvi yamekolea kuliko utomvu ulio ndani ya seli za kiazi, basi maji yalitoka kiazini. Seli zikanywea, kiazi kikalegea.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kunibana: "Lakini Madam, nimekilamba, kina chumvi!" Swali zuri sana. Chumvi ipo juu yake, na ipo kwenye nafasi zilizo kati ya seli na seli. Ukikiacha usiku kucha, seli zenyewe zinakufa, utando unaharibika na chumvi inaingia moja kwa moja. Kilichokilegeza, lakini, ni maji yaliyotoka mapema, utando ukiwa bado mzima.

Kama anataka ushahidi wa utando, kateni kiazi kingine nusu mbili. Nusu moja ichemsheni hadi iive, ya pili ibaki mbichi. Chimbeni shimo juu ya kila nusu kama kikombe, wekeni kijiko kimoja cha sukari kavu, kisha zikalisheni kwenye sahani yenye maji kidogo. Baada ya saa kadhaa shimo la kiazi kibichi limejaa maji ya sukari yaliyopanda yenyewe. La kilichoiva, sukari imelowana kidogo tu na maji hayakupanda. Moto uliua utando.

Mbolea niliyoweka mimi

Nilikuwa kidato cha pili nilipotumwa na mama kuweka mbolea ya kukuzia shambani Inyala. Mahindi yalikuwa yanafika magotini. Nikaona kizibo cha soda kwa shina ni uchoyo, nikatia konzi, tena shinani kabisa, nikiamini nayasaidia. Mvua ikagoma wiki hiyo. Siku chache baadaye kingo za majani zilikuwa zimekauka kana kwamba zimepitiwa na moto, na mashina mengine yameinama asubuhi na mapema, jua halijachomoza. Mama alisimama kwenye tuta, hakugomba. Alisema, "Mwanangu, umeyaunguza."

Sote tunasema hivyo, mbolea imeunguza, na hakuna moto wowote. Mzizi una seli zenye utando, kama za kiazi. Kwa kawaida utomvu wa mzizi umekolea kuliko maji ya udongo, kwa hiyo maji yanaingia. Mimi nilirundika chumvichumvi za mbolea pale mzizini, na udongo ulikuwa na unyevu kidogo. Maji ya udongo yakakolea kuliko mzizi. Mmea ukawa na kiu ilhali umesimama kwenye udongo wenye maji.

Mama alitufanyisha kazi siku mbili. Tulifukua mbolea iliyokuwa haijayeyuka, tukaisogeza mbali, tukamwaga ndoo za maji kila shina ili iliyobaki ishuke na kuchujuka. Mengine yaliinuka. Mengi hayakuinuka, na mwaka ule tulinunua unga kabla ya wakati wake. Kwa hiyo nikimfundisha mtoto wa mkulima osmosisi, namwambia na hili: weka kipimo kidogo, kiwe mbali na shina kama upana wa kiganja, ufukie, na udongo uwe na unyevu.

Mahali pengine mnapoiona osmosisi kila siku

Kachumbari: nyunyizia kitunguu na nyanya chumvi, subiri dakika kumi, bakuli lina maji ambayo hukuyatia. Mchicha wa Mwanjelwa ulionyauka, chovya mashina yake kwenye maji baridi, kabla ya kupika utakuwa umesimama tena. Asali haiozi kirahisi kwa sababu imekolea mno, bakteria akiangukia humo ananyang'anywa maji.

Kwenye mwili wa mtoto jambo hili ni la kufa na kupona. Anapoharisha, tunampa maji ya ORS. Sukari iliyomo husaidia utumbo kufyonza chumvi, na zikishaingia, maji yanazifuata kwa osmosisi. Ukisoma pakiti imeandikwa lita 1, weka lita 1, usipunguze maji ili "dawa iwe kali". Ikikolea kupita kiasi inavuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni, na kuharisha kunazidi. Kama pakiti hakuna, wakati mnajiandaa kwenda zahanati, ni vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita 1 ya maji safi, vijiko vikiwa vimesawazishwa, visiwe na kilima. Dripu ya chumvi hospitalini nayo ina gramu 9 za chumvi kwa lita. Wangemtia mtu maji matupu kwenye mshipa, maji yangeingia kwenye chembe nyekundu za damu mpaka zipasuke.

Mambo mawili watu huyaita osmosisi na si hivyo. Maharage makavu yaliyolowekwa usiku yanavimba zaidi kwa kunyonya, kama sifongo: hata maharage yaliyokufa, yasiyoweza kuota, yanavimba. Na vidole vinavyojikunja ukifua nguo kwa muda mrefu? Mishipa ya fahamu ndiyo inayobana mishipa ya damu vidoleni, ngozi ikajikunja. Madaktari walijua hilo kwa kuona kwamba kidole kilichokatika mshipa wa fahamu hakijikunji hata kikikaa majini.

Kabla hamjafuta meza, vile vijiti vilivyolegea msivitupe. Vihamishieni kwenye maji matupu na mviache hadi jioni. Kimoja kirudisheni kwenye chumvi kilale humo usiku kucha, kisha nacho kipewe maji matupu Jumapili asubuhi. Mwache mtoto aandike mapema kipi kitakakamaa tena na kipi hakitakakamaa, na kwa nini, halafu avishike mwenyewe.