Kufunga lupu ya kusikia ukumbini: sikiliza mvumo kabla ya kutandaza waya

Mama yangu mdogo anavaa shimesikio, kifaa cha kusaidia kusikia, masikio yote mawili. Kwenye ukumbi wa kanisa lao, Igoma, alikuwa anasikia feni na viti vinavyoburutwa kuliko mahubiri. Nikafunga lupu pale, na wiki iliyopita nimemsaidia fundi mwenzangu kufunga nyingine Nyakato.

Lupu ni waya uliozungushwa ukumbi mzima. Amplifaya yake inapitisha mkondo wa sauti kwenye waya, usumaku unatokea, na koili (waya mwembamba uliosokotwa) iliyo ndani ya shimesikio inaunasa. Mvaaji anaweka kwenye T, yaani mpangilio unaotumia koili hiyo, na sauti ya maikrofoni inamfikia bila kelele za ukumbi. Waulize kwanza watumiaji kama shimesikio zao zina T. Zile ndogo za kuzama ndani ya sikio mara nyingi hazina; nyingine inayo ila haijawashwa, na huwashwa kliniki ya masikio.

Hatua ya 1: Sikiliza ukumbi mtupu

Chukua risiva ya lupu (kifaa cha kunasa usumaku na kuusikiliza kama sauti) yenye hedifoni, ya betri. Washa taa zote, feni, friji na inveta kama ipo. Kaa kwenye viti mbalimbali, risiva ikiwa wima usawa wa sikio. Ukisikia "mmmm" nzito, usitandaze waya.

Igoma niliruka hatua hii. Nilitandaza, nikalehemu, nikawasha: mvumo mtupu. Nikabadilisha soketi, nikabadilisha kebo ya maikrofoni, nikashuka mjini kununua nyingine. Saa kumi jioni umeme ukakatika nikiwa na hedifoni masikioni, na kukawa kimya kabisa. Nikachomoa amplifaya. Umeme uliporudi, mvumo ukarudi nayo ikiwa imechomolewa! Kumbe tatizo ni jengo.

Tukazima breka mojamoja. Ilipozimwa ya taa za korido, mvumo ukaisha. Taa zile zilikuwa na swichi mbili, moja kila mwisho. Waya wa moto ulipita ukuta huu, nyutro, waya wa kurudisha umeme, ikaazimwa kwenye sakiti nyingine ukuta wa pili. Moto na nyutro zikienda pamoja, usumaku wao unafutana. Zikitengana, nyumba yenyewe inageuka lupu inayovuma kwa 50 Hz, masafa ya umeme wa nyumbani. Fundi umeme akavuta nyutro mpya sambamba na moto wake. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye leseni, usifungue bodi mwenyewe. Kama mvumo unatoka kwenye transfoma iliyo nje ya ukuta, tafuta chumba kingine. Amplifaya kubwa haitakusaidia.

Hatua ya 2: Waya

Natumia waya wa shaba wa mm² 1.5, mzunguko mmoja, chini ya zulia au kando ya sakafu. Ukumbi wa mita 9 kwa 12 unakula mita 42, ukinzani kama omu 0.5, linganisha na kitabu cha amplifaya. Usiupitishe ukutani usawa wa vichwa vya waliokaa, hata kama trankingi (mfereji wa plastiki wa kufichia nyaya) iko pale tayari: wa pembeni watapigwa na sauti, wa katikati wataikosa. Nyaya mbili kutoka kwenye amplifaya hadi lupu zisokote, na ziwe mbali na kebo za maikrofoni.

Hatua ya 3: Sauti

Chukua aux ya miksa (njia ya pembeni ya kutolea sauti), si sauti kuu, ili mpiga kinanda akipandisha spika lupu isiguswe. Maikrofoni iwe karibu na mdomo. Gitaa la umeme likae nje ya lupu, maana pikapu zake, koili zilizo chini ya nyuzi, zinanasa usumaku wa lupu.

Hatua ya 4: Kupima

Kiwango cha kimataifa cha lupu, IEC 60118-4, kinataka usumaku kwenye vilele vya sauti ufike 400 mA/m (miliampea kwa mita, kipimo cha nguvu ya usumaku). Pima kwa mita ya usumaku, kimo cha mita 1.2 kwa waliokaa. Sakafu ya zege yenye nondo inameza sauti nyembamba: "s" na "sh" zinapotea, maneno yanakuwa mazito. Ongeza kitufe cha kufidia chuma, kidogo kidogo.

Kisha mkalishe mvaaji mwenyewe. Mama mdogo alikaa safu ya nyuma, mzee wa kanisa akasoma Zaburi kwa sauti ya kawaida, naye akawa anairudia mstari kwa mstari. Bandika alama ya sikio yenye T mlangoni.